Mjomba Mudathiru na Kitambaa cha Matanga

Mjomba wangu Mudathiru aliwahi kutoka kwenye mgahawa wa hapa Kamembe bila kula, sahani ya wali na maharage iko mbele yake, kwa sababu ya vigae vya ukutani. Kila kigae kilichorwa robo ya ua, vinne vikikutana vinatoa ua zima. Ila pale juu ya kichwa cha keshia, fundi aliyevibandika aligeuza kimoja, na ua likabaki limeng'olewa shavu. Mjomba alikitazama, akaweka kijiko chini, akasema roho imemchefuka. Nilidhani wali umechacha. Kumbe kigae! Sahani zote mbili nilizimaliza mimi, maana wali haukuwa na kosa, lakini tangu siku ile nikiingia mle macho yangu yanakwenda pale pale juu ya keshia, na chakula hakina ladha. Ameniambukiza ugonjwa wake.

Ni fundi cherehani. Ana miaka sitini na miwili, na amekaa kwenye kibaraza kimoja nyuma ya soko tangu kabla sijazaliwa. Mimi Umuhoza, binti wa dada yake, ninakaa kwenye cherehani ya pili, mwaka wa kumi na nne sasa. Wateja hudhani anakunja uso kwa sababu anaumwa tumbo. Haumwi kitu. Anaona tu.

Kinyaa chake si hiki chetu cha kawaida. Vumbi la sementi ambalo watu wa kiwanda cha Muganza wanatuletea mabegani halimsumbui. Isambaza, vile vidagaa vya ziwani, zikinuka sokoni, na zinuke, mradi muuzaji amepanga mafungu yake kwa mistari. Kinachomtia kinyaa ni njia iliyokatwa. "Njia" ni neno lake. Anasema kila kitambaa kina njia: ua linatokea hapa, linapita pale, linarudi tena, na kazi ya fundi ni kujua litarudi wapi kabla hajagusa mkasi. Sasa tazama mafundi wa siku hizi! Ndege kichwa kiko kwapani, mkia uko kwenye titi. Samaki amekatwa na zipu. Mjomba akimwona mwanamke amevaa nguo ya namna hiyo anasimama katikati ya barabara na kumwuliza, mbele za watu, "Maman, nani alikufanyia hivi?" kwa sauti ya kumwuliza mtu aliyepigwa. Mara mbili amepigwa yeye, kwa mkoba. Wateja aliowafukuza kwa mdomo wake wangetosha kujaza basi.

Msikitini wako wanaomwambia kwamba fundi Mwislamu hafai kushona nguo zenye picha za watu. Yeye huwajibu kwamba kuvaa sura ya mtu ni shauri la anayeivaa na Mola wake, lakini kuikalia, huo ni uchafu, na hauhitaji shehe kuueleza.

Ndiyo maana Josiane alimjia yeye. Josiane ni mfanyabiashara wa Bukavu, anavuka daraja la mpakani karibu kila siku, analeta vitenge, anarudi na mayai na maziwa. Mama yake, Maman Antoinette, alifariki mwaka uliopita, na familia ilikuwa inajiandaa kumaliza matanga. Kule kwao siku hiyo watu wa nyumba huvaa sare, na siku hizi si sare tu: wanachapisha kitambaa chenye picha ya marehemu. Alikuja Jumatatu asubuhi na mfuko mkubwa kichwani, akautua juu ya meza yetu.

"Papa Mudathiru, batu banasema weye njo unajuaka kitambala," alisema. "Matanga ya tantine yetu, mudogo ya maman, fundi wa kule alituwekea sura yake huku nyuma, ku matako. Misa yote tulikuwa tunamukalia! Batoto banacheka. Mi sitaki bamukalie maman."

Nguo kumi na moja, kufikia Ijumaa. Mjomba aliitikia kwa kichwa, maana hapo alikuwa anaongea na mtu wa dini yake, ile dini ya njia. Akakunjua kitambaa. Nilimwona anameza mate kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.

"Nani alifanya hii uchafu?" aliuliza.

"Kaka yangu, Donatien. Alichapisha Kampala."

"Anakunywa?"

"Papa!"

"Nauliza tu."

Nilisogea nikaona. Viwanda vya vitenge vina hila yao: mstari mmoja wa maua unatazama juu, wa pili unatazama chini, wa tatu juu tena, ili fundi akigeuza kitambaa vyovyote asipoteze kipande. Kwa maua ni akili, maana ua halina kichwa wala miguu. Huyo mchapaji alipewa picha ya marehemu akafanya vilevile. Maman Antoinette ndani ya duara, kilemba kichwani, anatabasamu, na majani ya mgomba yamemzunguka. Chini yake Maman Antoinette mwingine, miguu juu kama angekuwa na miguu, na lile tabasamu likigeuzwa linakuwa kama kidonda. Chini yake mwingine, wima. Kisha mwingine, kichwa chini. Yadi na yadi za mama wa mtu akining'inizwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Ukikikata kitambaa hivyo kilivyo, kila atakayevaa atambeba marehemu kichwa chini mahali fulani, na kwenye sketi atamkalia vilevile.

Josiane alikuwa ameona, nadhani, lakini alikuwa anajificha nyuma ya matumaini. Alimpigia kaka yake simu, akaweka sauti juu ili Mjomba asikie. Donatien alicheka.

"Nani ataangalia?" alisema. "Batu banakuja kula."

Mjomba alitoka nje akatema mate kwenye mfereji. Alirudi akisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana, akaanza kukunja kitambaa. "Beba, Maman. Sishoni. Hii haishonwi. Hii inazikwa."

"Nitafanya je? Matanga ni samedi, Papa, Jumamosi hii!" Josiane alishika meza kwa mikono miwili. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu huku anamtazama, na alinitia uchungu, kwa sababu huyu ni mwanamke anayegombana na watu wa forodha kila siku na kushinda. "Na ukinirudishia, nitapeleka kwa mwingine. Mwingine atakata."

Hilo neno ndilo lililomgusa. Si machozi, namjua. Ni ile picha ya fundi mwingine, mkasi mkononi, hatafuti njia. Mjomba alikunjua kitambaa upya, akakilaani, akamlaani Donatien, Kampala na aliyegundua mashine za kuchapa, akamwambia Josiane arudi Ijumaa kabla ya swala ya adhuhuri.

Alichofanya baadaye hakuna fundi mwenye akili zake anayekifanya kwa kitambaa cha mtu. Alikikata chote vipande virefu kama mikanda: mkanda wa sura, mkanda wa majani, mkanda wa sura, mkanda wa majani. Ilikuwa kazi ya kutia kichefuchefu. Wino wa Kampala ulikuwa unatoka, vidole vyetu vikawa vya buluu, na kitambaa kilinuka mafuta ya taa. Ile mikanda iliyokuwa kichwa chini aliigeuza tu, na Maman Antoinette akatabasamu tena. Rahisi, ungesema. Lakini majani sasa hayakukutana. Shina la jani moja lilikuwa linagonga ncha ya jingine, na Mjomba hakuweza hata kuyatazama. Adhuhuri nzima alihamisha mikanda miwili juu ya meza, mbele kidogo, nyuma kidogo, akiguna, chai ikimpolea kando. Halafu alisogeza mmoja kwa nusu ya jani. Ncha zikakutana na ncha. Yakatoka meno ya msumeno yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, kijani juu ya buluu, safi, kama vile kitambaa kilitengenezwa hivyo kiwandani.

"Umuhoza, njoo uone," aliniita, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikunjuka. Ile njia haikuwemo kwenye kitambaa. Aliitafuta mahali ambapo haikuwepo mpaka ikatokea. Nilimwambia ni nzuri. Alisema anajua.

Basi tukapanga hivi: sketi zote na suruali zote ni majani peke yake, msumeno kutoka kiunoni hadi chini, hakuna sura. Juu, sura moja tu kifuani, wima. Kwa hiyo sura nyingi zilibaki nje. Tulizikata tukaziweka kando, na rundo likaongezeka.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mimi, na sikisemi kwa raha. Jumatatu nilikuwa napitisha mkasi mbali na macho ya yule mama, namwomba radhi kimoyomoyo. Jumanne sikuomba radhi. Jumatano nilimkata shingoni huku nazungumza na jirani habari ya bei ya vitunguu. Ukimtazama mtu mmoja unaona mtu. Ukimtazama mara mia tatu, kwenye mistari, wote wanacheka kicheko kimoja, unaona ua. Nilikuwa nasema "nipe ua lile" na Mjomba alikuwa ananipa. Hakunisahihisha. Nadhani hakusikia, au naye alikuwa amefika hapohapo.

Ijumaa Josiane alikuja tukiwa tunapiga pasi. Alichukua blauzi ya kwanza, akaweka kiganja kwenye sura ya mama yake, kisha akageuza sketi mbele na nyuma, akatafuta, hakuona sura yoyote.

"Maman iko nacheka," alisema. "Na hakuna mwenye atamukalia." Alitaka kumshika Mjomba mkono. Mjomba aliuficha kwa sababu ya wino, akamwambia tu aambie kaka yake asichapishe tena kitu bila kuuliza watu wenye macho. Josiane alicheka huku anafuta pua. Mjomba alivaa kofia akaenda kuswali.

Ijumaa ndiyo siku ya Mukamana. Mukamana ni mama mmoja wa kule Mururu anayepitia mafundi wote wa mtaa kuchukua vipande vya kitambaa vilivyobaki. Anavikata nyembamba kama kidole, anavipitisha kwenye gunia kwa ndoano, anavifunga fundo moja moja, na kutengeneza mazulia ya kufutia miguu. Tumempa gunia letu kila Ijumaa kwa miaka. Alisimama mlangoni, akasalimia, akauliza kama kuna chochote. Nikamwambia, "Leo una bahati, vipo vingi." Nilisukuma rundo lote ndani ya gunia, nikalikanyaga kwa mguu ili vienee, nikafunga kamba, nikamsaidia kulitwika kichwani. Alinishukuru sana. Sikufikiri kitu. Vilikuwa vipande.

Jumatano iliyofuata alirudi na zulia moja, zawadi, kama anavyofanya akipata mzigo mzuri, akalitandika mwenyewe mlangoni petu. Lilikuwa na buluu nyingi, nyekundu za fundi mwingine, njano kidogo. Mjomba alilitazama mara moja, akasema halina njia wala mwenyewe, akafuta viatu juu yake, akaingia. Na mimi nikafuta. Wateja wakafuta. Vumbi la mtaa lilifanya rangi zote kuwa moja baada ya siku mbili.

Lilikaa hivyo wiki moja na nusu. Kisha ikaja mvua moja kubwa ya asubuhi, ile ya kugeuza mtaa wetu kuwa uji mwekundu, na kibaraza chetu hakina bati upande wa mlango. Mvua ilipiga lile zulia mpaka likaoshwa. Ilipokatika, nikasikia sauti ya Josiane anabisha hodi kutoka upande wa pili wa mtaa, na nikamwona anavuka kwenye matope akiinua kitenge, bahasha mkononi, anacheka.

Nilisimama kumkaribisha, nikatazama chini kuona kama pamekauka. Kulikuwa na jicho.

Si jicho zima la picha, ni ukanda wa upana wa kidole: nyusi, jicho, kipande cha kilemba. Karibu yake meno, pembe ya tabasamu. Ukishaona moja unaona yote, na mimi nilifundishwa kuona na Mudathiru mwenyewe. Shavu hapa, sikio lenye hereni pale, jicho jingine limefungwa fundo katikati. Zulia zima lilikuwa linatutazama. Niliinama nilivute, lakini Josiane alikwisha kufika.

"Acha, acha, Maman," alisema, "nifute kwanza. Sitaingia na matope mu nyumba ya Papa." Akafuta kiatu cha kulia. Akafuta cha kushoto. Ni mwanamke mwenye adabu, akarudia cha kulia, kisigino, ubavu, ncha, akikandamiza vizuri, na matope mekundu yakaingia katikati ya yale meno.

Nilimgeukia Mjomba. Alikuwa kwenye kiti chake, ameuelekea mlango, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Alikuwa ameona. Nilijua kwa sababu midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Nilimngoja aseme. Huyu ni mtu aliyeshindwa kunyamazia kigae. Nilitaka aseme, wallahi, ili jambo litoke na litukanwe na liishe.

"Karibu, Maman," alisema. "Ingia ukae."

Josiane aliingia akatoa picha kwenye bahasha. Familia yote mbele ya kanisa, mistari miwili, msumeno wa kijani ukitiririka kutoka kiuno cha huyu hadi pindo la yule, na kifuani pa kila mmoja yule mama anacheka. Donatien alikuwemo, kifua mbele. Josiane alituambia watu wote waliuliza fundi ni nani, na kwamba shangazi mmoja alikataa kukaa kabisa kwa kuogopa, mpaka walipomwonyesha kwamba sketi haina mtu. Aliongea muda mrefu. Mjomba alishika picha kwa ncha za vidole, akatazama, akatazama. Kwenye bega la binti mmoja mkanda ulikuwa umepinda, kosa langu, hata mimi niliona.

"Papa, leo hata hautukane?" Josiane aliuliza, anacheka.

"Leo sina la kusema."

Alipotoka alikanyaga tena palepale, mara moja, bila kufuta. Tulimsikia akisalimiana na watu hadi kona. Mjomba aliinuka, akaenda nyuma, nikamsikia anatapika. Alirudi na ndoo ya maji na wembe. Tuliketi sakafuni tukakata mafundo, tukaosha vipande, tukavitandaza kwenye meza ileile. Nilimwambia ni mimi niliyefunga gunia. Nilimwambia na ile habari ya kulikanyaga, kwa sababu nilikuwa nimeanza na sikuweza kuishia katikati. Kinyozi hajinyoi, watu husema, na hucheka wakisema. Hakuna aliyecheka pale.

"Ulikuwa unaviita maua," alisema. "Nilisikia." Kisha akaniuliza Mukamana alitengeneza mazulia mangapi kutoka lile gunia.

Yalikuwa sita, pamoja na hilo letu. Alichukua pikipiki hadi Mururu siku hiyohiyo, akampata Mukamana na mazulia mawili ambayo hayajauzwa, akayanunua bila kueleza, akauliza mengine aliyauza wapi. Moja tulilikuta mlangoni pa saluni mtaa wa pili. Lingine lilikuwa mbele ya choo cha baa karibu na stendi, limelowa, na harufu yake siisemi. Mjomba alilibeba kwa mikono, hakutaka mfuko. La sita liliuzwa kwa msafiri wa basi na hatujui liko wapi. Vipande tulivyopata alivifunga kwenye kitambaa cheupe akavizika nyuma ya nyumba yake, chini ya ukuta, na mimi nikashika taa ya simu maana magharibi ilikuwa imeingia.

Tangu hapo hajatukana nguo ya mtu. Ndege kichwa kiko kwapani anapita mbele yetu, na Mjomba anainamisha macho kwenye cherehani. Wateja wameongezeka. Msikitini wanasema uzee umemtia adabu, jirani wanasema sasa ni mtu mpole, na wakinisifia hivyo kinyaa kinanipanda, maana najua upole huo ulitoka wapi na nani aliukanyaga ndani ya gunia. Josiane ndiye anayetuletea wengi kuliko wote, mama zake wadogo, marafiki wa sokoni, wafiwa wa Bukavu nzima. Anafika mlangoni, anatafuta pa kufutia miguu, hapaoni, anavua viatu anaingia peku kwa heshima. Mpaka leo hatujamwambia.